Mawe Mawili Juu ya Meza



Jumapili moja ya mwezi wa Agosti 2021, baada ya Misa ya pili, tuliweka mawe mawili juu ya meza katika chumba ambamo vijana wa Kiro na wa Xaveri wa parokia yetu hukutana. La kwanza lilikuwa jeusi, jepesi kuliko macho yalivyotarajia, limejaa vitundu kama mkate ulioumuka. Hilo halikutusumbua kulipata. Tuliliokota nje ya mlango, maana hapa Goma mtu hachimbi shimo la choo bila kukutana na ndugu zake. La pili lilikuwa la kijivu na zito, lenye mistari myeupe na myeusi iliyopindana kama ukili wa mkeka. Hilo lilitoka mbali. Katekista mwenzetu wa upande wa Beni aliliokota kando ya mto Butahu, karibu na Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, nje ya mpaka wa parki, akatutumia ndani ya gunia la maharagwe. Tungependa kuwapeleka vijana wenyewe wakauone mlima, lakini ninyi mnazijua habari za barabara ya Goma kwenda Beni.

Tuliwauliza: kati ya haya mawili, mzee ni lipi?

Karibu wote walilinyoshea kidole lile jeusi, kwa kuwa laonekana limeungua na kuchakaa. Kumbe lilikuwa rika lao. Lilizaliwa mwezi wa Januari 2002, siku ile ya Alhamisi tarehe 17 ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipopasuka, lava ikashuka hadi katikati ya mji na kuingia katika ziwa Kivu. Lile la kijivu ni la jamii ya miamba iitwayo naisi, na naisi za kiini cha Ruwenzori zimepimwa zikaonekana kuwa na umri unaopita miaka bilioni mbili.

Hata hivyo mawe hayo ni ya nyumba moja. Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo sisi huiita parki, iliundwa mwaka 1925, nayo inanyoka kwa urefu wa kilometa karibu 300, kutoka volkano jirani zetu upande wa kusini mpaka barafu ya Ruwenzori upande wa kaskazini. Wageni walikuwa wakija kwa ajili ya gorila, na hawakukosea. Sisi siku ile tulikuwa na shauri jingine.

Miezi mitatu kabla ya mkutano huo, jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, anga juu ya mji iligeuka nyekundu. Ulikuwa mkesha wa Pentekoste. Mavazi mekundu ya Misa yalikwisha kuandaliwa, na sisi tulikuwa tumewafundisha watoto juu ya ndimi za moto zilizowashukia Mitume. Usiku ule tulitembea pamoja na umati kuelekea mpaka wa Rwanda, godoro kichwani. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama tena, wengi wakishika njia ya Sake. Tuliporudi, msichana mmoja wa kundi, ambaye nyumba ya wazazi wake ilifunikwa, alisimama katikati ya wenzake akasema: “Mwalimu, moto ulikuja siku ya moto. Tumefanya dhambi gani?”

Tulimwomba atupe muda. Tulikuwa na sababu ya kuogopa kumjibu upesi, nayo tutaieleza.

Tulianza na umri. Neno bilioni hupita masikioni bila kugusa akili, kwa hiyo tulichukua daftari na kusema: karatasi moja iwe miaka 1,000. Tangu Bwana wetu alipozaliwa mpaka leo ni karatasi mbili. Kule Ishango, ndani ya parki, mahali ambapo mto Semliki hutoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, kana kwamba mtu alikuwa akihesabu. Mfupa huo una umri wa miaka karibu 20,000, yaani karatasi ishirini, unene wa milimita mbili. Na jiwe la Butahu? Karatasi milioni mbili. Tukizirundika zingefika mita 200 kwenda juu. Kijana mmoja alitoka nje, akautazama mnara wa kanisa letu, akarudi akisema ingebidi tuujenge mara kumi.

Mwenzake, ambaye hapendi kudanganywa, aliuliza ni nani aliyehesabu. Tulilifurahia swali hilo. Ndani ya naisi mna punje ndogo sana za fuwele iitwayo zirkoni. Inapozaliwa, zirkoni hupokea ndani yake chembe za urani lakini huikataa risasi. Urani hiyo, ile ile tunayoikumbuka kwa uchungu kwa ajili ya Shinkolobwe, haidumu kama ilivyo. Kidogo kidogo hugeuka kuwa risasi, kwa mwendo usiobadilishwa na joto wala baridi ya mlimani. Ili nusu yake igeuke, huhitaji karibu miaka bilioni 4.5. Basi risasi inayokutwa ndani ya punje ile imezaliwa humo humo. Anayepima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa huujua muda uliopita, kama vile mtunza sakristia anavyotazama kipande cha mshumaa akajua umewaka muda gani.

Zamani sana kabla ya vipimo hivyo kupatikana, mmoja wa watu waliotufundisha kusoma mawe alikuwa mwenye heri wa Kanisa, na jambo hilo liliwashangaza vijana kuliko bilioni zote. Niels Stensen alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, akawa mganga hodari. Mwaka 1666, huko Firenze, alipasua kichwa cha papa mkubwa (papa samaki, si Baba Mtakatifu, hapo chumba kizima kilicheka) akaona kwamba meno yake yanafanana na vijiwe fulani vilivyokuwa vikiokotwa milimani. Alitambua kwamba vijiwe vile ni meno ya papa wa kale, na kwamba mahali palipo mlima leo paliwahi kuwa chini ya bahari. Mwaka 1669 alitoa kitabu kidogo chenye kanuni ambayo mtoto aweza kuishika: katika matabaka yaliyolala moja juu ya jingine, la chini lilitangulia. Wakati huo alikwisha kupokelewa katika Kanisa Katoliki. Baadaye alikuwa padri, na mwaka 1677 askofu. Mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri. Imani haikumfumba macho asiyaone mawe, wala mawe hayakumtoa katika imani.

Tukaanza kuisoma parki kwa macho ya namna hiyo.

Ruwenzori si volkano. Wengi wenu mnadhani ni volkano kwa sababu ni mlima mrefu wa kwetu, na milima mirefu tunayoiona kila asubuhi ni volkano. Jiwe la Butahu lakataa. Mistari yake haichorwi juani. Hutokea pale mwamba unapokandamizwa na kupashwa moto kilometa nyingi chini ya ardhi, mpaka madini yake yajipange upya. Kilichokuwa chini hivyo kimefikaje mita 5,109 juu ya bahari, kwenye kilele cha Margherita? Kimeinuliwa. Bara la Afrika linapasuka upande wetu wa mashariki, na pande zake mbili zinaachana polepole kuliko ukucha wa kidole unavyokua. Katika kupasuka huko sehemu nyingine huzama, ndilo bonde la ufa lenye maziwa yetu; na kipande kimoja kikubwa cha mwamba wa kale kimesukumwa juu kati ya nyufa. Kuinuka huko ni kwa miaka milioni chache tu iliyopita. Jiwe ni babu, mlima ni mjukuu. Ndiyo sababu tunawaonya vijana wasichanganye umri wa jiwe na umri wa mlima, jambo ambalo sisi wenyewe tulilichanganya miaka mingi tukiwa mbele ya ubao.

Juu ya mwamba huo barafu nayo imeandika. Miamba ya mabonde ya juu imekwaruzwa mistari iliyonyoka, na marundo ya mawe na udongo yamelala mbali chini ya mahali ambapo barafu inakoma leo. Hakuna mto uwezao kuyarundika namna hiyo. Kwa hiyo zamani barafu ilishuka mbali sana. Leo inarudi nyuma kwa haraka. Tangu msafara wa Luigi wa Savoia, Duke wa Abruzzi, ulipopanda mwaka 1906, sehemu kubwa yake imekwisha kuyeyuka, na huenda ninyi mkawa wa mwisho kuiona.

Upande wetu wa kusini kitabu ni kipya zaidi, na wino bado ni mbichi. Mikeno, mita 4,437, ni volkano iliyozimika. Mvua imeumenya mlima ule mpaka umebaki ncha na magenge, kama mfupa uliotolewa nyama. Karisimbi unapumzika. Nyamulagira na Nyiragongo zingali kazini. Kazi yao moja hatuifikirii, ingawa tunaoga ndani yake. Zamani maji ya mahali penye ziwa Kivu yalitiririka kuelekea kaskazini, hadi ziwa Edward, na kutoka huko hadi mto Nile. Volkano zikajirundika, zikaziba njia. Maji yakapanda na kufunika mabonde. Hata leo hori za pwani ya Kivu, zilizochongoka kama vidole, ni mabonde ya mito yaliyozama. Maji yakapanda mpaka yakapata mlango upande wa kusini, ndiyo Ruzizi, yakaenda Tanganyika. Hivyo maji yaliyokuwa ya Nile yakawa ya mto Kongo, bila mfalme yeyote kutia sahihi. Nasi tunayanywa. Tena udongo mweusi wa Rutshuru na wa Masisi, unaotupa maharagwe na viazi, una majivu ya milima hiyo ndani yake.

Lile jiwe jeusi la mezani laeleza pia kwa nini Nyiragongo huua upesi. Vitundu vyake ni njia za gesi iliyokuwa ikitoroka. Uyeyusho wake una silika kidogo mno, na silika ndiyo inayoifanya lava kuwa nzito kama ugali. Ikipungua, lava hukimbia kama mafuta. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ilipita msituni ikaivika miti, kisha ikatelemka, ikaacha magamba ya mawe yaliyosimama, na ndani yake nafasi tupu yenye umbo la shina lililoungua.

Sasa deni letu.

Mwaka 2002 tulikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Tulikuwa tumesomea ualimu, tunaaminiwa na watu, na ulimi wetu ulikuwa mwepesi. Hata kanisa kuu la mji lilikuwa limeharibiwa na lava. Shirika letu lilikusanyika chini ya shitingi, na sisi tuliombwa tuseme neno. Tulisema juu ya Sodoma. Tulizitaja baa, wizi na uchawi, tukasema Mungu amechoka. Watu waliitikia, na tulijisikia tumehubiri vema. Mama mmoja alikuwa ameketi pembeni. Siku zile alikuwa amempoteza mtoto. Hakulia wala hakutupinga. Alichukua beseni lake, akajitwisha, akaondoka kabla ya sala ya mwisho. Hakurudi tena katika shirika. Baadaye tulisikia amehamia upande wa Bukavu. Tumemtafuta mara mbili, hatukumpata.

Miaka 19 tumeibeba sauti yetu wenyewe ya siku ile. Hatuwezi kusema hatukujua. Injili ya Luka, sura ya 13, tulikuwa tumeifundisha mara nyingi: watu kumi na wanane waliangukiwa na mnara wa Siloamu, na Yezu aliwakatalia kabisa wasikilizaji wake kudhani kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wengine. Tulimjua Eliya juu ya Horebu, ambaye tetemeko lilipita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo ndani yake. Tuliyajua hayo kama somo la darasani. Hofu ilipotushika, tuliiacha Injili tukashika kitu kilichofanana na imani ya zamani, kwamba wabaya huchomwa ndani ya Nyiragongo, tukaivika maneno ya Biblia.

Basi tulimjibu yule msichana kwa jiwe jeusi mkononi. Tulimwambia: ukichimba kisima katika mji huu unaikuta lava, chini yake mara nyingine udongo, na chini ya udongo lava nyingine ya zamani zaidi. Mwenye heri Niels atakuambia ipi ilitangulia. Milima hii ilianza kumwaga moto miaka mamilioni iliyopita, pasipo mji, pasipo baa, pasipo mtu hata mmoja wa kutenda dhambi. Moto ule wa kwanza ulikuwa ukimwadhibu nani? Miti? Dhambi zetu zipo, nasi tunazipeleka katika kitubio, lakini Nyiragongo haikungojea dhambi zetu ili iwake.

Alikaa kimya, kisha akasema neno ambalo hatukuwa tumelitayarishia jibu. “Basi, Mwalimu, hata tukitubu sote, itarudi.”

Ndiyo, itarudi. Tulimwambia hivyo, na chumba kikawa kimya. Tukaona wazi kwamba mahubiri ya 2002 yalikuwa na utamu wake: yalimwahidi mtu kwamba akitengeneza mwenendo wake, mlima utatulia. Sisi tulikuwa tumemnyang'anya ahadi hiyo. Alitazama chini muda mrefu, na mmoja wa wenzake alimshika mkono.

Mazungumzo yaliyofuata hayakuwa ya dini kwa sura, lakini hatukumbuki mkutano uliosaliwa vizuri kuliko ule. Tulisema juu ya rangi za tahadhari ambazo wataalamu wa volkano huzitangaza mjini. Tulisema ni barabara ipi ifuatwe na kila mtaa, na ni nani atakayembeba bibi kipofu wa shirika letu, aliyesahauliwa usiku wa tarehe 22 na kukutwa asubuhi ameketi mlangoni. Tulisema juu ya mazuku. Hilo ni neno letu, nalo linatumiwa hata na wanasayansi wa ng'ambo: ile gesi ya kaboni itokayo ardhini, nzito kuliko hewa, inayolala mabondeni usiku na kuua mbuzi, mara nyingine watoto. Wazee waliiona kuwa pepo mbaya, wakakataza watu kulala katika mashimo fulani. Jina walikosea, katazo walipatia. Vijana wawili walitaja mahali wanapopajua nyuma ya nyumba zao, na juma lile lile wakapazungushia miiba.

Juma lililofuata mzazi mmoja alitujia, amekasirika. Alisema tunawafundisha watoto kukitilia shaka kitabu cha Mwanzo. Tulimweleza kwamba Kanisa halimlazimishi Mkristu kuhesabu siku sita kama siku za kalenda. Kwamba mwaka 1943 Papa Pius XII, katika barua yake juu ya masomo ya Biblia, aliwataka wanaoifafanua watafute kwanza namna watu wa kale walivyozoea kusema na kuandika. Kwamba Mwanzo watufundisha ni nani aliyeumba na kwa nini ni vema, wala hautaji hesabu ya miaka ya jiwe la Butahu. Alisikiliza kwa heshima. Alisema ataliuliza kwa padri. Hakuondoka ameridhika kabisa, wala hatukumlazimisha. Sisi wenyewe ilituchukua miaka 19.

Jumamosi moja baadaye kundi lilikwenda nyumbani kwa yule msichana. Baba yake alikuwa ameanza kujenga tena pembeni mwa lava mpya, katika kipande cha parseli kilichosalia. Tulimwambia kwamba mahali pale ni pa hatari. Alijibu kwamba anajua, akatuuliza kama parokia ina parseli nyingine ya kumpa. Haikuwa nayo. Alituonyesha kwamba safari hii amefungua mlango wa pili, upande unaoelekea barabara. Vijana walibeba mawe ya msingi mpaka saa nane, mikono ikachubuka.

Jiwe la kijivu limo katika kabati ya chumba cha vijana, nanyi mwaweza kuja kulishika. Lile jeusi halipo tena. Msichana alikuwa ametuomba siku ya mkutano aende nalo, na tulipofika kwao baba yake alikwisha kulijenga ukutani.